Simu inajizima na kujiwasha: betri ipi ununue, na lini usinunue kabisa

Mpelekee fundi yeyote wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au wa Luthuli kule Nairobi, simu inayojizima na kujiwasha yenyewe. Kabla hujamaliza kueleza utasikia: "Betri hiyo, boss." Mara nyingi anasema kweli. Ila betri zilizopangwa mezani kwake hazifanani, na nyingine zitakurudisha kwake ndani ya mwezi. Nimezipanga hapa kuanzia ya kuitafuta kwanza hadi ya kuiacha palepale mezani. Ninaangalia mambo mawili: betri ilitengenezwa lini, na nani ataipokea ikigoma. Namba ya mAh, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba, inakuja baadaye sana.

Kwanza hakikisha ni betri

Betri ya lithiamu ikijaa huwa na volti kama 4.2 hadi 4.4, kisha hushuka kadiri unavyoitumia. Zikishuka chini ya kiwango ambacho simu inakihitaji, saketi inayosimamia umeme hukata mara moja. Betri iliyochoka hukaa vizuri simu ikiwa imetulia. Lakini ukiwasha kamera na flashi, ukifungua gemu, au ukipiga simu mahali ambapo mtandao unasuasua, simu huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Kwa kuwa ukinzani wa ndani ya betri umekua kwa uzee, volti huporomoka na simu inakata. Ukiiwasha unashangaa bado ina chaji asilimia 30 au 40. Ukiona hivyo, betri ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Watengenezaji wenyewe walishakiri jambo hili. Novemba 2016 Apple ilianza kubadilisha bure betri za baadhi ya iPhone 6s zilizokuwa zikizimika ghafla. Januari 2017 ikatoa iOS 10.2.1, ambayo ilipunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka ili zisizimike. Watu walipoligundua hilo, Desemba mwaka huohuo kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa simu zilizo nje ya waranti. Kwa hiyo fundi anayesema betri inaweza kuizimazima simu hakupigi fiksi.

Lakini jaribu mambo haya kabla ya kutoa hela, maana hayagharimu kitu.

Iweke simu kwenye chaja nzuri, uitumie kama kawaida yako. Ikiacha kuzima ikiwa kwenye chaja na kuanza tena ukiichomoa, betri imejitaja. Ikiendelea vilevile, punguza imani na jibu la fundi.

Angalia saa. Simu inayojizima kila siku usiku wa manane inaweza kuwa imeagizwa hivyo. Samsung ina mpangilio wa kujiwasha upya yenyewe ndani ya sehemu ya kutunza kifaa, na simu nyingi za Android zina ratiba ya kuzima na kuwasha ambayo mtoto akichezea kidogo tu imewashwa. Kuna watu wamenunua betri kwa sababu ya kitufe hicho kimoja cha kwenye mipangilio.

Vua kava. Kava ngumu isiyo saizi yake hubana kitufe cha kuwashia, na kitufe kikibanwa muda mrefu simu hujiwasha upya. Kitufe kilichoingia uchafu hufanya hivyohivyo.

Kwenye Android, iwashe katika hali salama: kwa simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuwashia, halafu unashikilia neno la kuzima hadi iulize. Humo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Simu ikitulia siku nzima, tafuta programu uliyoiingiza karibuni, hasa ile uliyotumiwa kama faili kwenye WhatsApp. Angalia na nafasi: simu iliyojaa picha na video hadi imebakiwa na megabaiti chache huwa nzito, hukwama, na wakati mwingine hujiwasha upya.

Kwa wenye iPhone kuna dalili moja ambayo mafundi wazuri wanaijua: simu inajiwasha upya kila baada ya dakika tatu hivi, kama imewekewa saa. Hapo mara nyingi mfumo unatafuta taarifa ya kihisi fulani na hauipati. Chanzo kinaweza kuwa waya wa sehemu ya kuchajia, waya wa kitufe cha kuwashia, au betri yenyewe. Fungua mipangilio, sehemu ya faragha, kisha data ya uchambuzi, utafute mafaili yanayoanza na panic-full. Yakiwa mengi ya siku moja, mwonyeshe fundi. Akikuuliza hayo ni mafaili ya nini, beba simu yako uende kwa mwingine.

Simu inayokwama kwenye nembo na kurudia tena na tena bila kufika mwisho ni kesi nyingine, ya bodi (saketi kuu ya simu) au ya mfumo. LG G4 ilikuwa na ugonjwa huo, na mwaka 2016 LG ilikiri kwamba viungo vya ndani vilikuwa vimelegea. Betri mpya isingeitibu simu ile. Simu iliyodondoka au kuingia maji nayo ifunguliwe ikaguliwe kabla hujazungumzia kununua chochote.

Mfuniko wa nyuma ukiwa umeinuka, au kioo kikiwa kimeachia pembeni, hakuna cha kujaribu tena. Betri imevimba. Acha kuichaji, usiibonyeze irudi ndani, peleka leo.

Namba moja: betri ya kituo cha huduma cha mtengenezaji

Kwa simu ambayo bado iko sokoni au iliyotoka miaka michache iliyopita, anzia hapa. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion, na kituo chao ni Carlcare. Samsung nao wana vituo vyao. Faida kubwa ni kwamba betri imetoka kwenye mnyororo wa usambazaji unaojulikana, haijakaa miaka dukani, na ikigoma unajua mlango wa kugonga. Uliza kwanza kama simu bado ina waranti, na usome muda wa betri kivyake, kwa sababu si lazima ulingane na wa simu nzima.

Kasoro zipo. Foleni ndefu, na modeli ikizeeka utaambiwa kifaa hakipo. Pia hamisha picha na mazungumzo yako kabla ya kwenda, maana wanaweza kukutaka ukubali simu ifutwe. Watu wengi wanakwepa vituo hivi kwa kudhani bei ni kubwa mno bila hata kuuliza. Uliza. Wakati mwingine tofauti na bei ya mtaani ni ndogo kuliko hela utakayotumia kurudi kwa fundi mara ya pili.

Namba mbili: betri mbadala yenye jina, kwa fundi mwenye duka

Zipo kampuni zinazotengeneza betri mbadala na kuweka jina lao juu, kama Nohon na Deji. Sisemi kila inayobeba jina hilo ni yao kweli, kwa sababu kibandiko ni rahisi kukichapa. Ndiyo maana nasema fundi mwenye duka, si mwenye meza ya kuhamahama. Kariakoo usiongozane na winga, yaani dalali wa mtaani, kwa jambo hili. Chake kimo ndani ya bei, na betri ikigoma humpati.

Mbele ya fundi, shika betri mkononi usome. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Betri ya lithiamu huchakaa hata ikiwa imekaa kabatini, na ikiachwa hadi ikaisha kabisa huharibika moja kwa moja. Iliyotengenezwa mwaka jana naichukua. Ya miaka minne nyuma nairudisha hata kama karatasi yake haijachanika. Kisha piga hesabu ndogo: zidisha mAh kwa volti zilizoandikwa, ugawe kwa 1000, upate Wh, kipimo cha nishati ya betri. Betri ya mAh 5000 yenye volti 3.85 inatakiwa iandikwe karibu Wh 19.25. Nyingine huandika viwango viwili, cha chini na cha kawaida, na hilo si tatizo. Lakini kama namba hazikaribiani kabisa, aliyechapa kibandiko hakujua anachoandika, na huenda hajui kilichomo ndani pia.

Mwambie fundi aiunganishe na kuijaribu kabla ya kuigundisha. Fungua kamera, washa flashi, cheza video mwanga ukiwa juu. Kama simu ilikuwa ikizima kwa hayo na sasa haizimi, lipa. Ikizima tena dakika ileile, umeokoa hela, na mjadala unahamia kwenye kiunganishi cha betri au bodi. Kiunganishi kilicholegea au chenye kutu hufanya simu ijizime kila ukiigusa kwa nguvu, na kukisafisha ni kazi ya dakika chache.

Kwa iPhone XS, XR na za baadaye, jiandae kuona ujumbe kwamba simu haiwezi kuthibitisha kama betri ni ya Apple. Ujumbe huo peke yake hauonyeshi ubovu. Cha kuwa nacho macho ni kinyume chake: kuna mashine za mafundi zinazoweza kuandika upya taarifa za betri, kwa hiyo "afya asilimia 100" kwenye simu ya mtumba inaweza kuwa kazi ya dakika mbili.

Namba tatu: betri iliyovuliwa kwenye simu nyingine

Hapa wengi watanipinga. Kwa simu ya zamani ambayo betri zake hazitengenezwi tena, betri halisi iliyovuliwa kwenye simu iliyovunjika kioo inaweza kukufaa kuliko "mpya" iliyolala ghalani miaka mitano. Simu ikivunjika kioo ikiwa na miezi michache, betri yake bado ina nguvu. Masharti yangu: iwe bapa kabisa bila uvimbe hata kidogo, isiwe na alama ya kukunjwa wakati wa kubanduliwa, fundi aipime mbele yako, na akupe angalau wiki mbili za kuirudisha. Akikataa wiki mbili, yeye mwenyewe haiamini.

Namba nne: "mpya original" ya bei ya chini yenye mAh za ajabu

Simu yako ilikuja na mAh 5000, hapa unauziwa 6800 yenye umbo lilelile na nusu ya bei. Kwa nafasi ileile, kiwanda kizuri huongeza asilimia chache, basi. Hizi huwa nyepesi mkononi, na nyingi hukurudishia tatizo lilelile la kuzima, kwa kuwa seli dhaifu haiwezi mkupuo hata ikiwa mpya. Baya zaidi ni zile ambazo kiwanda kimebania hela kwenye saketi ya ulinzi. Mwaka 2016 Samsung, kwa uwezo wake wote, ililazimika kuondoa Galaxy Note7 sokoni kwa sababu ya betri kuwaka moto. Sasa fikiria kiwanda kisicho na jina.

Pawabenki naitaja kwa sababu wengi huinunua kama dawa. Inakufikisha jioni, haitibu chochote.

Kabla fundi hajafungua

Uliza nani atalipa kioo kikipasuka. iPhone nyingi hufunguliwa kwa kuinua kioo, na simu nyingi za Android kwa kubandua mfuniko wa nyuma uliogundishwa. Mpatane kabla ya bisibisi kutoka. Gharama yote ikizidi theluthi ya bei ambayo simu hiyo ingeuzwa kama mtumba, mimi ningeanza kuweka akiba ya simu nyingine. Na ukinunua mtumba Tanzania, bonyeza *#06#, tuma namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwa SMS kwenda 15090 uone kama jina la modeli linalorudi ndilo unaloliona mkononi. Ukiletewa simu na ndugu kutoka Ulaya, ujue kwamba modeli zinazoingia sokoni kule tangu 20 Juni 2025 zinatakiwa betri zake zibakiwe na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800.

Risiti iandikwe modeli ya betri, tarehe, na siku za kurudisha. "Nipigie tu" haitoshi. Wiki ya kwanza itumie simu kwa fujo kidogo: kamera, gemu, simu ndefu, hasa chaji ikiwa chini ya asilimia 30. Ikizima hata mara moja, irudishe siku hiyohiyo. Betri ya zamani mwachie fundi anayezikusanya. Usiitupe kwenye taka zinazochomwa nyuma ya nyumba.