Claude Code na Codex: Ruhusa Kiasi Gani Zinatosha?

Msaidizi wa akili mnemba anayefanya kazi ndani ya kompyuta ya mtumiaji ni tofauti kabisa na yule anayejibu maswali kwenye kivinjari. Huyu husoma faili, huziandika upya, huendesha amri za terminali (dirisha ambamo kompyuta huagizwa kwa maandishi) na, akiachwa, hupakua programu kutoka kwenye intaneti na kuzisakinisha mwenyewe. Nimezitumia Claude Code ya Anthropic na Codex ya OpenAI, zana mbili za terminali zilizotoka mwaka 2025, na ninachokitathmini hapa si ustadi wake wa kuandika msimbo wa programu, ambao ni mkubwa, bali namna kila moja inavyomwezesha mwenye kompyuta kuamua ifike wapi na isifike wapi.

Claude Code huanza kwa tahadhari. Husoma faili za folda ilimofunguliwa bila kuuliza, lakini kabla ya kubadilisha faili au kuendesha amri inayoweza kuleta mabadiliko huomba idhini, na mtumiaji anaweza kukubali kwa mara hiyo tu au kuiagiza isiulize tena kuhusu amri ya aina hiyo. Ipo pia hali ya kupanga, ambamo husoma na kupendekeza hatua bila kubadilisha chochote. Kwa mradi nisioufahamu vizuri, hakuna hali ninayoithamini kuliko hii. Udhaifu wa kuulizwa kila mara unatokana na sisi watumiaji: maswali yakizidi, mtu huacha kuyasoma na kubaki akibonyeza tu, na idhini iliyotolewa hivyo si idhini. Anthropic ilipoongeza uzio wa amri, yaani mpaka unaozizuia amri zisifike kwenye faili na mtandao usioruhusiwa, mnamo Oktoba 2025, ilieleza kwamba katika matumizi yake ya ndani maswali ya ruhusa yalipungua kwa asilimia 84. Kwangu, takwimu hiyo inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maswali ilikuwa ikibeba kazi ambayo mpaka imara huifanya vizuri zaidi.

Codex imejengwa juu ya mpaka huo. Mtumiaji huchagua kati ya kusoma tu, kuandika ndani ya folda ya kazi, na ufikiaji kamili. Katika ngazi ya pili, amri zinazoendeshwa hazina mtandao hadi mwenyewe aufungue. Anayelinda mpaka ni mfumo endeshi, na hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Katika mipangilio ya Claude Code, kwa mfano, mtu anaweza kuandika kanuni ya kuikataza isisome faili lenye nywila, nayo itaitii inapotumia zana yake ya kusomea. Hata hivyo, programu fupi ya lugha ya Python ambayo msaidizi ameiandika na kuiendesha inaweza kulifungua faili lilelile, kwa sababu mfumo endeshi hauijui kanuni hiyo. Kanuni na uzio vinapaswa kwenda pamoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mazoea ya wengi, wanaodhani kwamba ruhusa ya kusoma ni ndogo na ya kuandika ndiyo kubwa. Modeli yenyewe, yaani akili mnemba inayofikiri na kujibu, haiko ndani ya kompyuta. Kila kinachosomwa ili kijibiwe hutumwa kwenye seva za mtoa huduma, kwa hiyo hali ya kusoma tu hulinda faili zisiharibiwe lakini haizuii yaliyomo yasitoke. Faili la msimbo lililoharibiwa hurudishwa kwa Git, zana ya kutunza matoleo ya awali ya faili, mradi mabadiliko yalikuwa yamehifadhiwa humo; funguo za siri za kuingilia kwenye seva au taarifa za wateja zikishatoka hazirudishwi kwa amri yoyote. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza msaidizi ataruhusiwa kuandika wapi, ninauliza kwanza ataona nini.

Swali hilo linazidi kuwa zito kwa sababu modeli haina njia ya uhakika ya kutenganisha maagizo ya mwenye kompyuta na maagizo yaliyofichwa ndani ya maandishi inayoyasoma. Mtaalamu wa programu Simon Willison, aliyelipa shambulio la maagizo hayo yaliyofichwa jina la “prompt injection” mwaka 2022, alionya mwaka 2025 kuhusu mambo matatu yasiyofaa kukutana: data za siri, maandishi kutoka kwa watu usiowajua, na njia ya kupeleka taarifa nje. Onyo hilo ni kipimo kizuri cha kila mpangilio wa ruhusa. Ukurasa wa maelezo uliopachikwa maagizo maovu hauwezi kuiba ufunguo ambao haumo mahali msaidizi anapofika, wala amri iliyofungiwa mtandao haiwezi kuupeleka popote.

Ufikiaji kamili siupendekezi kwa kompyuta ya kila siku. Zana zote mbili zimeliweka neno la hatari ndani ya jina la chaguo hilo, na hapo watengenezaji wamefanya haki. Mahali pake ni kontena au mashine pepe, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta, yasiyo na kitu cha kupoteza.

Kwa anayeanza, ningemshauri achague Codex katika ngazi ya kuandika ndani ya folda ya kazi, mtandao ukiwa umezimwa. Anayependa kushauriana na msaidizi kabla ya kazi atafaidika zaidi na Claude Code, ilimradi awashe uzio wake. Katika hali zote mbili, inafaa kufungua akaunti ya pili ya mtumiaji kwenye kompyuta, isiyo na barua pepe, funguo wala nyaraka binafsi, na kuiendesha zana humo. Ni kazi ya dakika chache na hupunguza hatari kuliko maswali mengi ya idhini. Kisha, kwa Claude Code, mtumiaji alifungue mara kwa mara faili la mipangilio lililomo ndani ya folda ya mradi, kwa kuwa kila amri aliyoagiza isiulizwe tena imeandikwa humo, na azifute zile ambazo kazi yake imekwisha.