Tahadhari: turbo za "ex-Japan" zinazopakwa rangi, Nakuru na Kisumu

Wenye Hiace, Canter na pikapu za dizeli, someni kabla hamjatuma pesa.

Kuna watu wanauza turbo (kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) kuukuu kwa jina la ex-Japan, yaani eti imetoka Japani, na mchezo unaanzia gereji. Gari linakula oili na kutoa moshi wa buluu. Fundi wao anachomoa bomba la hewa linalotoka kwenye turbo, anakuonyesha oili ndani, anakwambia turbo imekufa, na bahati nzuri anamjua mtu mwenye nyingine safi. Ukishatuma M-Pesa inaletwa na boda, bila risiti, na ile namba haishikwi tena.

Niliyofungua juzi ilikuwa imepigwa rangi ya fedha mpaka juu ya nati, kibati cha namba kimeng'olewa. Shafti ukiisukuma pembeni inacheza kidogo. Hiyo ni kawaida, huwa inaelea kwenye oili. Lakini hii ukiivuta mbele na nyuma ilikuwa inagonga, na mapanga yalishakwaruza kava.

Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi hata turbo yako ya kwanza haina kosa. Oili kidogo kwenye bomba lile ni kawaida. Sili za turbo si za mpira. Zinategemea presha ya hewa na oili kushuka bila kizuizi kurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Bomba la kurudishia likizibwa na masizi, au na silikoni iliyopakwa ovyo, hata turbo ya dukani itavuja. Bomba la kupumulia injini likiziba ni hivyo hivyo. Filta ya hewa ikijaa vumbi, turbo inafyonza oili. Halafu kuna sababu nyingine za moshi huo: ringi za pistoni, sili za valvu, na wale wanaojaza oili kupita alama.

Injini ikiwa moto na inanguruma polepole, fungua kifuniko cha oili. Moshi ukitoka kwa kishindo, angalia ringi na bomba la kupumulia kwanza.

Msikubali pia kuambiwa "endesha tu, itajifunga." Turbo ikivuja sana, injini ya dizeli inaweza kuchoma oili yake na kukimbia yenyewe, unazima ufunguo na haizimi. Kama ni ya gia za mkono, kanyaga breki, weka gia ya juu, achia klachi izimike.

Na turbo yako ya zamani ondoka nayo. Ukiiacha hapo, itapakwa rangi auziwe mwingine.