Darasa la jioni la Kiingereza, Mwanga: baada ya miezi miwili

Mimi natembeza wageni hapa Kigoma, huu mwaka wa sita. Nawapeleka Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, na wenye siku za ziada tunapanda boti Kibirizi kwenda Gombe. Kiingereza nilikiokota kazini. Kilichonisumbua siku zote ni majina: Kiswahili kina neno moja, wao wanayo mawili au manne, na ukishika lisilo lake mgeni anakutazama tu.

Ndipo nikajiunga na darasa hili. Ada ni shilingi 25,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi jioni.

Wiki ya kwanza nilimweleza mwalimu kwamba miaka yote nawaambia wageni Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 kwenye "shadow" ya mwembe. Akasema, "Kaka, hebu tutoke nje wote." Jua lilikuwa bado kali. Akamsimamisha dada mmoja muuza mawese katikati ya uwanja, akachukua kijiti, akachora mchangani ukingo wa kivuli chake: kichwa, mabega, mpaka pindo la kanga. "Hii ndiyo shadow. Ina umbo, ina mwenyewe, akiondoka anaondoka nayo." Dada akasogea, mchoro ukabaki mtupu juani. Kisha tukaingia chini ya mti. "Na hapa tulipolikimbia jua ni shade. Umbo lake halitushughulishi, tumefuata ubaridi." Ya kwanza unaihesabu, moja, mbili, ya pili, kwa maana hii, huihesabu. Sijawahi kufundishwa neno namna ile.

Somo la "ape" na "monkey" nalo lilinifaa sana. Hapo Kiswahili kimeshatutangulia, maana sokwe hatumwiti nyani. Sokwe hana mkia, ni "ape". Nyani na tumbili wana mikia, wote ni "monkey". Watu wanavuka bahari kuja kuwaona sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza Gombe mwaka 1960, halafu kiongozi wao anawaita "monkey"! Ni kuwavunjia heshima wageni, na sokwe pia.

Palipopwaya ni somo la safari. "Travel", "journey", "trip" na "voyage", yote manne kwa kipindi kimoja, tena kwa mifano ya London, nasi ni watu wa bandari na reli! Kwenda Gombe asubuhi na kurudi jioni ni "trip". Kwenda kwa meli kutoka hapa hadi Mpulungu, Zambia, ni "voyage", safari ndefu ya majini. Treni mpaka Dar es Salaam ni "journey", ule mwendo wenyewe wa kutoka hapa hadi kule. "Travel" ni kusafiri kwa jumla, nalo halihesabiki. Nilimpelekea mwalimu mifano hiyo, akaiandika kwenye daftari lake palepale. Nilizidi kumheshimu.

Chumba ni kidogo, tuko kama thelathini, na karatasi za mazoezi zimefifia hadi mistari mingine haisomeki. Fika saa tisa na nusu upate benchi la mbele.

Mwezi wa tatu nimeshalipia. Tunaanza maneno ya pesa, "fare" na "fee", nami nayasubiri kwa hamu, kwa sababu kila wiki mgeni ananiuliza kama nauli ya boti imo ndani ya kiingilio cha hifadhi.