Darubini ya laki na themanini iliyotuonesha miezi miwili

Nianze na hukumu, mwenye haraka asome hapa na aende zake: darubini ile ya macho mawili, iliyoandikwa 30x60, msiinunue. Au niseme hivi, msiinunue kwa ajili ya kutazamia mwezi. Kwa kutazama majahazi mchana kweupe inafaa kidogo, na kwa hilo naipa nyota mbili kati ya tano.

Mimi ni mtu wa Mkoani, Pemba. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ndiye anayetegemewa mtaani kwetu kuutazama mwezi mwandamo kila ifikapo jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu. Tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani nilikuwa namfuata hadi pwani, yeye mbele na kikoi chake, sisi watoto nyuma tukigombania nani atauona mwanzo. Sasa kapita miaka 70, jicho la kulia limeshafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na mwaka jana, au mwaka juzi labda, nilimsikia akimwambia mkewe kwamba siku hizi anaelekea upande wa mwezi tu, haoni kitu. Neno lile liliniingia. Nikaazimia kwamba Ramadhani inayofuata haitoingia ila Ami ana darubini mkononi.

Najua wapo wanaosema mwezi utazamwe kwa macho matupu. Ami hana ubishi nao. Yeye huitaka darubini imwoneshe pa kutazama, kisha anaishusha na kuutafuta kwa macho yake mwenyewe, na anachokiona kwa macho ndicho anachokishuhudia.

Nilikuwa na laki na themanini. Kwa vitu vya vioo si pesa nyingi, lakini kwa mwalimu wa skuli ya msingi ni pesa ya kudunduliza miezi. Nikapanda boti kwenda Unguja kwa shughuli nyengine, nikapita duka moja Darajani. Kijana wa pale nilimkuta ameinamia simu. Nikatoa salamu mimi, mkubwa wake, akaitikia bila ya kuinua uso. Ilinipasa niondoke pale pale. Sikuondoka.

Akanitolea darubini nyeusi, nzito, vioo vyake vya mbele vyekundu kama komamanga, na ubavuni imeandikwa 30x60. "Hii ya jeshi," akasema. "Unaona mpaka Tanga." Nikatazama kibao cha duka la mkabala, nikaona herufi zimekuwa kubwa, nikalipa. Hapo kosa ni langu na nalikubali: kitu cha kutazamia mbali nilikijaribu kwa hatua kumi.

Jioni ya 29 Shaabani tulikuwa watu kama 15 pale pwani. Mbingu ya magharibi, upande wa mkondo unaotutenga na Tanga, ilikuwa safi isipokuwa utepe wa wingu chini kabisa. Nilimzuia kila mtu asiiguse darubini mpaka jua lizame lote, maana jua likipita kwenye vioo vile huunguza jicho mara moja na jicho halirudi. Tukaswali Magharibi pale pale mchangani, kisha Ami akaipokea.

Huku kwetu karibu na Ikweta mwezi mchanga hausimami wima kama unavyochorwa kwenye bendera. Hulala kama ngalawa, ncha zote mbili juu. Ami akaegemeza viwiko vyake kwenye ubavu wa dau lililopandishwa, akatafuta juu kidogo ya pale jua lilipotulia, akanyamaza muda. Halafu akasema polepole, "Mwanangu, naona ngalawa mbili."

Nikadhani ni lile jicho lake. Nikaichukua mimi niliye na macho mazima. Mbili. Moja juu na nyengine chini yake imesogea kulia, nyembamba kama ukucha uliokatwa, zote zikitetemeka pamoja na mkono wangu. Nikampa binti yangu wa darasa la sita. "Baba, iko miwili." Nikazungusha gurudumu la katikati, ikawa miwili yenye ukungu. Nikabana mirija ikaribiane, miwili. Nikaipanua, miwili. Nyuma yetu watu wanauliza, umeandama? Umeandama? Na mwezi wa siku ya kwanza hauna subira, uko chini na unalifuata jua, mara nyingi ni nusu saa au zaidi kidogo. Sisi dakika zetu tulizimaliza tukigombana na darubini. Ami alipoishusha kuutafuta kwa macho, ule utepe wa wingu ulikuwa umeshapanda.

Mzee mmoja akamwambia, "Si umeuona? Tupeleke habari kwa sheha."

Ami akatikisa kichwa. "Nimeona miwili, na mwezi ni mmoja. Siwezi kuapia nilichokiona kiwili." Akakunja mkeka wake, akatangulia nyumbani, na njiani hakuzungumza na mtu.

Usiku ikatangazwa redioni kwamba umeonekana kwengine, tukafunga na wenzetu. Saumu ya mtu haikupotea. Lakini Ami alisimama pale mwezi ukiwa mbele yake, na ushahidi wake ukazuiliwa na kioo kilichokaa upande.

Baadaye nilimpigia simu shemeji yangu wa bara, aliyefanya kazi miaka mingi na wawindaji huko Rungwa. Nilimweleza kila kitu, akanieleza mambo ambayo laiti ningeyajua kabla ya kupanda boti. Kwanza, alisema, kule mtu akinunua darubini ya kufunga kwenye bunduki haanzi na namba kubwa. Anaanza na kioo, maana mnyama hutoka alfajiri na jioni, wakati nuru ni chache, na darubini yenye kukuza sana lakini yenye kioo kibovu haikuoneshi ila giza kubwa. Cha pili kwao ni jicho likae mbali na kioo kiasi gani, maana bunduki ikipiga teke, mwenye jicho la karibu anapasuliwa nyusi. Hilo la pili halinihusu mimi na Ami, lakini la kwanza ndilo lile lile. Mwezi nao ni mnyama wa jioni.

Akanifundisha hesabu yake. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwali unaoingia jichoni. Kwa jioni utake kama 5. Darubini ya 8x42 inakupa 5 na ushei. Yangu ya 30x60, hata ingekuwa kweli, ingenipa 2 tu, na mkono wa binadamu haukai kimya kwa ukuzaji wa mara 30 bila ya kuweka darubini juu ya miguu mitatu. Nikasema hata ingekuwa kweli, kwa sababu nilichukua rula ya binti yangu nikapima kile kioo cha mbele. Hakikufika hata milimita 30. Imeandikwa 60! Ule wekundu nao ni pambo tu, unairejesha nuru nyekundu nje, na ndiyo maana kila kitu nilikiona kina ukijani.

Na ile miezi miwili? Ndani ya kila mrija mna vioo vya pembetatu vinavyopinda nuru na kuigeuza picha iliyokaa kichwa chini. Kimoja kikilegea gundi, au kikifungwa vibaya tangu kiwandani, mirija miwili inatazama pande mbili na macho hayawezi kuziunganisha picha. Kujua ni rahisi, wallahi, ni rahisi hata inauma. Ukiwa pale pale Darajani, toka nje ya duka uelekeze darubini kwenye ukingo wa paa la maghorofa ya Michenzani. Kisha iondoe taratibu machoni, kidogo kidogo. Mstari wa paa ukikatika, upande mmoja juu na mwengine chini, irudishe kwa mwenyewe. Halafu inyooshe mkono mzima, ielekeze mbinguni, tazama vile viduara viwili vya nuru nyuma yake. Viwe duara kamili. Vyangu vilikuwa vimekatwa pembeni kama nazi iliyopasuliwa vibaya.

Sasa niwe mkweli. Nilipotulia niliijaribu mchana kwa mrija wa kulia peke yake, jicho la kushoto nimelifumba, na nilihesabu watu saba ndani ya dau lililokuwa mbali mkondoni, nikamtambua hadi aliyekuwa amevaa fulana ya manjano. Kwa hiyo kioo chenyewe si takataka. Mtu wa pwani anayetaka kujua chombo gani kinaingia angeridhika nacho, na pengine zile nyota mbili zingekuwa tatu. Ningeziandika tatu na nikalala.

Lakini nilirudi nayo dukani. Nilingoja nafasi ya kuvuka, nikalipa nauli tena, nikafika na darubini ndani ya boksi lake na risiti. Kijana ni yule yule. Nikamweleza kwa utaratibu, nikamtajia Ami, nikamtajia ile jioni. Akaitazama darubini bila ya kuigusa, akasema, "Mzee, fumba jicho moja." Nikamwambia, mwanangu, hii ni ya macho mawili, na mtazamaji wangu ni mtu mzima anayetoa ushahidi. Akacheka, akamgeukia mwenzake. "Mwezi si mmoja? Basi achague mmoja."

Achague mmoja! Saumu za watu, kiapo cha mtu mzima mbele ya sheha na mbele ya Mola wake, achague mmoja. Nilimuuliza kwa nini asinibadilishie. Akanionesha kwa kidole maandishi chini ya risiti, kwamba bidhaa iliyouzwa hairejeshwi. Nikauliza mwenye duka yuko wapi. Hayupo. Atakuja lini? Hajui. Na akarudi kwenye simu yake.

Nyota zote naziondoa. Hata zile mbili za majahazi.

Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam alinitafutia nyengine Kariakoo, 8x42, imetumika, imezibwa ndani isiingie unyevu, kwa laki mbili na nusu. Pesa zake nilikopa. Ilifika mwisho wa Ramadhani, na jioni ya 29 mbingu ilifungwa na mvua tangu alasiri, tukatimiza 30. Siku ya Idi mosi mawingu yakaachia. Nilimpelekea Ami barazani kwake, akaegemeza viwiko ukutani na kutazama.

Alikaa hivyo hadi nikaanza kuogopa. Kisha akaniambia, bila ya kuishusha, kwamba anaiona ngalawa moja, na juu yake analiona duara zima la mwezi, lile lisilo na nuru, la rangi ya majivu. Ni nuru ya dunia yetu inayoufikia mwezi na kurudi, nilimwambia. Akasema maisha yake yote hakuwahi kuliona wazi hivyo. Akamwita mkewe aje atazame.

Ile nyeusi iko kabatini, ndani ya boksi lake, risiti juu yake. Skuli zikifungwa navuka nayo tena, na safari hii nitakaa pale mlangoni mpaka mwenye duka aje.