Miwani ya matumbawe na jongoo wa chini ya jiwe

Kila Jumamosi nina watoto 16, wa miaka 10 hadi 12, tunaosoma nao mazingira. Kwa miezi mitatu sasa tumejaribu vitu viwili: somo la matumbawe linalotazamwa kwa miwani ya uhalisia pepe (VR), inayokufanya ujione uko ndani ya picha, na Seek, programu ya simu inayotambua mimea na wanyama.

Dakika nne za kwanza za miwani ni nzuri mno. Samaki wanapita juu ya kichwa, chini ya miguu, hata mgongoni ukigeuka. Binti mmoja alinyoosha mkono ashike tumbawe, akakuta hewa, akanyoosha tena. Halafu wanaingizwa ndani ya tumbawe lenyewe, wanaona vimwani vinavyoishi humo na kulilisha chakula vinachokitengeneza kwa mwanga wa jua. Maji yanapozidi joto, tumbawe linavifukuza, linabaki jeupe kama mfupa. Hilo nimelichora ubaoni miaka nenda miaka rudi na watoto wananitazama tu. Safari hii walinieleza wao.

Tatizo linaanza dakika ya tano. Msimulizi hanyamazi, picha zinakwenda mbio, na mwisho kasa aliyenaswa wavuni anakufa mbele ya macho yao. Basi, somo limekwisha. Wawili walilia. Mwingine alivua miwani akiwa na kizunguzungu, maana macho yalimwambia anaogelea na mwili unajua umeketi. Sikupendezwa hata kidogo. Ukimpa mtoto huzuni bila kumpa la kufanya, unamfundisha kuyakimbia mazingira. Siku hizi nazima kabla ya huyo kasa. (Wenye watoto wadogo waangalie pia umri: Meta, kampuni inayotengeneza miwani ya aina hii, waliushusha kutoka miaka 13 hadi 10 mwaka 2023, chini ya hapo hawaruhusu.)

Seek ni kitu kingine kabisa. Ilitoka 2018, imetengenezwa na watu wa iNaturalist, haidai pesa wala mtoto hatakiwi kujisajili. Unaelekeza kamera, vidoti saba vinajaa kimoja kimoja, kuanzia himaya, yaani kundi kubwa kabisa kama wanyama au mimea, mpaka spishi, yaani aina yenyewe. Isipokuwa na hakika inaishia njiani na kukutajia kundi tu, na hapo ndipo nilipoipendea.

Tuligeuza jiwe, jongoo akajikunja. Vidoti vikasimama katikati: ni jongoo, wa aina gani haisemi. Watoto wakaiweka simu kwenye majani, wakalala kifudifudi kumsubiri ajikunjue. Alipoanza kutembea wakahesabu miguu: jozi mbili karibu kila pingili, wakati tandu ana moja. Yule binti wa matumbawe akamtandazia kiganja. Jongoo akapanda, miguu ikienda kama wimbi, naye amebana pumzi. Kisha akamshusha, akalirudisha jiwe polepole upande uleule lilivyokuwa. Sikuwa nimemfundisha hilo.

Nagawa simu moja kwa watoto wanne, na sharti ni macho kwanza, kamera baadaye. Kama fedha zenu zinatosha kitu kimoja, msinunue miwani; chukueni simu mliyo nayo mtoke nje. Miwani azimeni, kwa yale ambayo mtoto hawezi kuyafikia kwa miguu. Mimi nimeshaiomba tena kwa siku moja mwezi ujao, kwa dakika zile nne.