Nimekaa kwenye warsha ya ridhaa ya wanafunzi wapya hapa Tokyo, rivyu yangu hii hapa (nyota 3 kati ya 5)

Wale mnaojiandaa kuja kusoma Japani, na hasa kina dada, hii ni ndefu kidogo ila naomba muisome yote, maana vitu vya viza na bei ya vyumba mtavikuta kila sehemu lakini hiki hamtaambiwa na mtu uwanja wa ndege.

Kila Aprili mwaka wa masomo unapoanza huku kuna wiki nzima ya kupokea wanafunzi wapya, na siku hizi vyuo kadhaa vimeanza kuweka humo kipindi cha ridhaa, yani nini maana ya mtu kukubali au kutokukubali tendo la ngono. Chuoni kwangu (chuo sikitaji) ni dakika 90, bure, inaendeshwa na ofisi ya ushauri pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne waliojitolea. Mi nipo masters mwaka wa pili, nikaombwa nikae meza moja kama msaidizi kwa sababu kulikua na wageni wawili na Kijapani changu saivi kinatosha. Kwa hiyo sikua mtazamaji wa nyuma, nilikaa na watoto wa miaka 18 nikawasikia wakiongea kwa midomo yao.

Nianze na kilichonikamata, kile kisa cha kujadili. Mnapewa karatasi moja: msichana wa mwaka wa kwanza anaenda nomikai ya klabu, ile mikusanyiko ya kunywa ambayo huku ndo uti wa mgongo wa maisha ya chuo, senpai (yani mwanafunzi aliyemtangulia chuoni) wa mwaka wa tatu anamjazia glasi kila ikipungua, muda unaenda, treni ya mwisho inaondoka, senpai anamwambia chumba changu ni karibu, njoo ulale hadi treni ya kwanza ya asubuhi. Anaenda. Usiku senpai anamwingilia, msichana anaganda, hasemi kitu, hapigi kelele. Swali lililoandikwa chini ni moja tu: hapa kulikua na ridhaa?

Mezani kwetu walikua sita, wasichana watatu na wavulana watatu. Mnajua kitu cha kwanza kilichosemwa? Kwamba huyo binti ni mwaka wa kwanza kwa hiyo hajafika miaka 20, na umri wa kunywa pombe Japani ni 20, kwa hiyo alishavunja sheria kabla hata kisa hakijaanza. Yani senpai aliyekua anamimina hakutajwa. Na aliyesema alikua msichana, kwa sauti ya upole kabisa, huku anaitikia kwa kichwa kama mtu anayejibu swali la mtihani. Wa pili akasema neno ambalo nimelisikia mara nyingi sana tangu nifike nchi hii, "suki ga atta". Suki ni kama upenyo, ule mwanya unaouacha ukilegeza ulinzi, kama mlango ulioegeshwa bila kufungwa. Kwa hiyo msichana aliacha upenyo. Mwingine akaongeza jiko sekinin, yani hilo ni jukumu lako mwenyewe.

Nilikasirika, sitaficha, ila nilivyoendelea kuwasikiliza nikaona hawa watoto hawana roho mbaya. Yule wa kwanza nilimuuliza taratibu, we ungefanyaje, akajibu mi nisingeenda, mi huwa naondoka saa tatu usiku. Macho yake yalikua ya mtu anayejihakikishia. Akikubali kwamba yule binti hakukosea kitu, basi inabidi akubali pia kwamba kuondoka saa tatu hakumkingi na chochote, na hiyo inatisha mno kwa mtu wa miaka 18 aliyehamia Tokyo peke yake wiki mbili zilizopita. Ni rahisi kumtafutia mwenzio kosa ili we ubaki salama. Na kwetu si tunayasikia haya haya jamani? Alifuata nini kule usiku? Kavaaje? Mbona hakupiga kelele majirani wasikie? Mi nimekulia Tanga, haya maswali nimeyasikia yakiulizwa na mama zetu wanaotupenda.

Wavulana wao walikua kimya hadi mmoja akauliza kuhusu enzai, mtu kusingiziwa kosa. Asubuhi akibadilisha mawazo je? Wenzie wote wakainua vichwa, ikawa wazi ndo swali walilokuja nalo wote watatu. Huku hofu ya kusingiziwa ni kubwa sana, hasa kwa habari za kushikwashikwa kwenye treni, utakuta wanaume wanakwambia wanapanda treni mikono yote miwili wameshika juu ili waonekane. Sasa hapa ndo nampa maua yake dada wa mwaka wa nne aliyekua anaongoza. Hakumfokea. Alimuuliza, kwenye kisa hiki, senpai alifanya nini ili ajue kama mwenzie anataka? Kimya. Akauliza tena, angefanya nini? Basi kijana akaanza kutaja mwenyewe, angemuuliza, angempa maji, angemwita rafiki yake wa kike, angemlipia teksi, angesubiri kukuche. Dakika kumi nzima meza ikawa inamjadili senpai, na yule msichana wa karatasini ni kama kaachwa apumzike. Hiyo sehemu peke yake ningeipa nyota tano.

Baada ya hapo walileta namba za utafiti wa NHK, shirika la utangazaji la umma la huku, wa 2017 uliouliza watu ni kitendo gani mtu akikifanya unaona ni sawa kudhani amekubali ngono. Kula chakula wawili tu, asilimia 11. Kunywa pombe wawili tu, 27. Kupanda gari wawili tu, 25. Nguo za kuacha mwili wazi, 23. Na kulewa chakari, asilimia 35. Soma tena hiyo ya mwisho, mtu ambaye hajui hata yuko wapi, zaidi ya theluthi moja ya waliojibu wakaona hiyo ni ridhaa. Ukumbi ulinyamaza. Alafu wakaweka namba za serikali kutoka kwenye utafiti wa 2020, kwamba mwanamke 1 kati ya 14 amewahi kuingiliwa kwa nguvu, na karibu 6 kati ya 10 ya hao hawakumwambia mtu yeyote. Mtu yeyote kabisa, hata mama, hata rafiki.

Sehemu ya sheria ilikua fupi ila imeeleweka vizuri. Sheria yao ya jinai ni ya 1907, na ile ya kubaka ilikaa hivyo hivyo hadi 2017 ndo ikaguswa kwa mara ya kwanza kwa uzito, hapo ndo hata wanaume wakatambulika kwamba wanaweza kubakwa na adhabu ya chini ikapanda kutoka miaka 3 hadi 5. Lakini bado ilibidi kuthibitisha nguvu au vitisho, au kwamba mtu hakuwa na uwezo wa kukataa. Ndo maana Machi 2019 zilitoka hukumu nne mfululizo za kuwaachia washtakiwa, mojawapo ya baba aliyemwingilia binti yake, na mahakama ilikubali kabisa kwamba binti hakuridhia ila ikasema haikuthibitika kwamba hakuweza kupinga. (Mahakama ya rufaa Nagoya ilikuja kuitengua 2020 na kumpa miaka 10.) Watu wakatoka barabarani tarehe 11 Aprili 2019 na maua mikononi, ikawa kila tarehe 11 ya mwezi, wakaiita Flower Demo. Na Juni 2023 bunge likabadilisha, kosa likaitwa kwa jina lake, ngono bila ridhaa, wakaorodhesha mazingira nane, pombe ipo, kuganda kwa hofu ipo, kutumia cheo ipo. Umri wa kuridhia ukapanda kutoka 13 hadi 16. Yani yule binti wa karatasini aliyeganda, saivi sheria inamwona. Msichana wetu wa saa tatu usiku aliandika hicho kitu kwenye daftari lake, nilimuona.

Sasa kwa nini nyota 3 na sio 5.

Kwanza dakika 15 za mwisho waliziharibu wenyewe. Alipanda mtu wa ofisi ya usalama na slaidi ya "tahadhari kwa wanafunzi wa kike": usitembee njia zenye giza, usiweke earphone usiku, usinywe kupita kiasi, usikae na mtu wa kiume peke yenu, panda behewa la wanawake. Slaidi nzima, na ya wanafunzi wa kiume haikuwepo hata mstari mmoja. Mmetumia saa nzima kuwatoa watoto kwenye suki ga atta, alafu mnawarudishia kwenye projekta kwa herufi kubwa! Nilimuona yule kijana wa enzai anaitikia kwa kichwa. Ni kama yale mabango mnayoyakuta stesheni, mengine yameandikwa "jihadhari na wapapasaji" na mengine "kupapasa ni kosa la jinai". La kwanza linaongea na anayeshikwa, la pili linaongea na anayeshika. Chuo kikachagua la kwanza.

Pili, waliongea kama vile haya mambo hutokea kwenye karatasi tu. Hawakutaja hata kesi moja ya vyuo vyenyewe. Mwaka 2003 ilikuja kuvuma kesi ya Super Free, klabu ya sherehe iliyokua na makao yake Chuo cha Waseda, vijana waliwalewesha wasichana na kuwabaka kwa kundi, 14 wakahukumiwa na kiongozi wao akala miaka 14. Mwaka huo huo mbunge, Ota Seiichi, alisema mbele ya watu kwamba wabakaji wa kundi angalau wana nguvu za ujana na wako karibu na ukawaida. Mbunge! Mwaka 2016 wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Tokyo, kile ambacho kila mzazi Japani anakiota, walikamatwa kwa kumdhalilisha binti wa chuo kingine baada ya kunywa, na mitandaoni akaandamwa binti, eti alikua anawinda waume wa Todai (ndo kifupi cha Chuo Kikuu hicho cha Tokyo). Na 2017 mwandishi wa habari Ito Shiori alipojitokeza kwa jina na sura yake kusema kilichompata, watu walijadili kifungo cha shati lake alichoacha wazi. Alikuja kushinda kesi ya madai Desemba 2019. Profesa Ueno Chizuko alithubutu kuitaja kesi ya Todai mbele ya wanafunzi wapya wa Todai hiyo hiyo kwenye sherehe ya kuwapokea Aprili 2019, sasa semina iliyoundwa kwa ajili ya jambo hili inashindwaje?

Tatu, lugha. Wageni tulipewa karatasi ya Kiingereza ambayo ni wazi imetafsiriwa na mashine na haijapitiwa na mtu, neno la kuganda kwa hofu limegeuka kugandishwa kama samaki wa friza. Mkenya mmoja niliyekaa naye alielewa kwa sababu nilimnong'oneza kwa Kiswahili muda wote. Na namba ya msaada ilikaa kwenye skrini sekunde chache tu, kwa hiyo naiweka hapa mkaihifadhi: #8891, ukipiga popote ulipo inakuunganisha na kituo cha mkoa wako, kila mkoa upo na kimoja, ni kwa ajili ya matibabu na polisi na ushauri sehemu moja. Kama kuongea kwa simu kunakushinda kuna Cure Time ya serikali, ni ya kuchati, na wanapokea lugha kadhaa za kigeni. Kiswahili hakimo.

Kingine sio cha semina yenyewe ila kimetokana nayo. Jioni ile tumekaa jikoni kwenye dorm napika wali, akaja mwenzangu wa maabara, Mjapani, tumefahamiana mwaka mzima na hajawahi kuniambia kitu cha ndani. Akaniuliza leo mmejadili nini. Nikamweleza. Akakaa kimya hadi wali unaiva, alafu akasema akiwa sekondari alishikwa kwenye treni asubuhi karibu kila wiki akiwa na sare, na siku moja alishuka kituo kisicho chake akakaa kwenye benchi akilia, akachelewa shule, na mwalimu akamuuliza kwa nini hukupanda behewa la wanawake. Mwalimu alikua mwanamke na alimuuliza kwa huruma. Behewa hilo lilikua mbele kabisa, ngazi za stesheni yao ziko nyuma, na alikua anakimbia. Miaka saba ameibeba hiyo behewa kama deni lake. Nilimwambia pole mdogo wangu, hukukosea kitu, kwa Kiswahili kwanza maana ndo ilitoka yenyewe, alafu kwa Kijapani. Tukala.

Kwa hiyo ukialikwa semina ya namna hii nenda, hata kama sio lazima kwako. Kaa meza yenye wanafunzi wa klabu za michezo, huko ndo mazungumzo yanakua na uzito, na usiwe na haraka ya kuwafokea, waulize tu senpai alifanya nini. Kwenye fomu ya maoni nimeandika ukurasa mzima kuhusu ile slaidi ya mwisho, nimeomba itolewe, na dada wa mwaka wa nne kaniambia fomu zilizoilalamikia zilikua kumi na moja na moja iliandikwa na mvulana wa meza yetu. Ananiambia Oktoba wanarudia kwa wanaoingia muhula wa vuli. Nimeshaomba meza.