Jaba, dumu au simtanki? Vyombo vya kuhifadhia maji ya RO na maji ya chumvi kwa tangi la matumbawe

Wengi wanaoanza kufuga matumbawe nyumbani hukaa miezi wakichagua taa na pampu. Ikifika siku ya kutengeneza maji, wanapita dukani jioni na kubeba chombo chochote kilichopo. Nakusihi usifanye hivyo. Maji yatalala kwenye chombo hicho wiki nenda wiki rudi, na chochote kitakachotoka kwenye plastiki, kwenye koki au kwenye mabaki ya kilichowekwa humo zamani kitaishia ndani ya tangi lako. Samaki anaweza kuvumilia. Tumbawe na kamba hawavumilii.

Nina tangi la lita 250 sebuleni, Dar es Salaam, na nimeshatumia karibu kila chombo nitakachokitaja hapa. Kwa maji ya RO nakusudia maji yaliyosukumwa kupita kwenye membreni, kichujio chenye vitundu vidogo mno, kisha kwenye resini ya DI, punje zinazonasa madini yaliyobaki, mpaka kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kinasoma 0. Kwa maji ya chumvi nakusudia hayo hayo ya RO yaliyokorogwa na chumvi ya akwaria mpaka uchumvi ukafika 35 kwa elfu, yaani uzito mahususi wa 1.026 kwenye nyuzi joto 25.

Kabla ya kuuliza bei, piga hesabu ya lita. Kwangu feni inapuliza juu ya tangi mchana kutwa ili kupunguza joto, kwa hiyo maji kama lita 4 hukauka kila siku. Chumvi haikauki, inabaki, ndiyo maana unajazia maji matupu ya RO na si ya chumvi. Hiyo ni lita 28 kwa wiki. Ongeza kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, lita 25, ambazo nazo zinaanza kama RO. Jumla lita 53. Halafu kuna siku ya balaa: samaki amefia nyuma ya mawe usiku, au mtoto kamwaga kopo zima la chakula. Siku hiyo utahitaji kubadilisha nusu ya tangi, lita 125, na huwezi kuanza kuchuja saa hiyo. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikatangaza mgao, wenye akiba ya maji yaliyochujwa ndio waliolala usingizi. Kwa tangi kama langu, basi, nafasi ya lita 120 za RO na lita nyingine 60 hadi 120 za chumvi inatosha.

Na viwe vyombo viwili, kila kimoja na kazi yake moja tu. Chombo cha RO kisiguse chumvi hata siku moja, maana chumvi iliyoganda kwenye ukingo ikiingia kwenye maji ya kujazia, uchumvi wa tangi utapanda polepole bila wewe kujua.

Namba moja: jaba jipya lenye mfuniko, lita 60 hadi 120

Kwa maji ya chumvi silioni la kulipita. Mdomo wake ni mpana, kwa hiyo pampu ya kukorogea inaingia, mkono unafika chini kusugua, na unaona kabisa kama chumvi imeyeyuka. Lina mfuniko, na ukilinganisha na bei ya ndoo moja ya chumvi ya akwaria, ambayo inatoka nje ya nchi, bei ya jaba ni ndogo.

Dukani fanya hivi. Lipindue uangalie kitako. Tafuta pembetatu ya mishale yenye namba 2 ndani yake. Hiyo ni HDPE, plastiki ngumu inayotumika kwenye madumu ya vyakula. Namba 5 nayo inafaa. Alama ya kikombe na uma ikiwepo, vizuri zaidi. Kisha angalia rangi. Plastiki iliyoyeyushwa upya huwa imefifia, ina vidoa vya rangi nyingine ndani yake, na ukuta haulingani unene. Ukilielekeza jaba kwenye jua utaona sehemu zinapitisha mwanga na sehemu hazipitishi. La mwisho ni pua. Funga mfuniko, liache juani dakika kumi, fungua na unuse papo hapo. Jaba zuri linanuka kidogo sana au halinuki kabisa. Likikupiga harufu ya mafuta ya taa au ya sabuni, mrudishie mwenye duka, hata kama anakuambia itaisha ukiliosha.

Chagua rangi nzito, bluu iliyokolea au kijivu. Jeupe linalopitisha mwanga litaota ukijani ndani ya wiki chache ukiliweka karibu na dirisha.

Sasa koki, na hapa naomba unisikilize vizuri. Jaba langu la kwanza nilimpa fundi anifungie koki chini ili nisihangaike na kuchota. Alifunga ya shaba nyeupe, ile ya kawaida ya bombani, akaibana kwa uzi na gundi, kazi safi kabisa. Mwezi wa pili nikaona duara la kijani limejichora kuzunguka tanki konekta, kile kiungio kinachoshika koki kwenye ukuta wa jaba, jembamba kama uzi wa kushonea, nikalifuta kwa kitambaa na kuendelea. Wiki hiyo hiyo nilibadilisha maji Jumamosi asubuhi. Kufika saa kumi jioni kamba wangu wa mistari myekundu na myeupe alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, miguu inatetemeka, na konokono wawili wameachia kioo na kuanguka. Matumbawe madogo ya zoa, yale laini yanayofanana na vifungo, yalijifunga siku nne. Lile duara la kijani lilikuwa shaba inayoliwa na maji ya chumvi. Shaba kidogo tu, kiasi ambacho samaki hakisikii, inaua kamba, konokono na matumbawe. Fundi hakukosea, mimi ndiye niliyejua ninachofuga na sikumwambia.

Kwa hiyo koki iwe ya plastiki, tanki konekta iwe ya plastiki, na neple pia. Bora zaidi usitoboe kabisa: zamisha pampu ndogo, chomeka mpira, elekeza kwenye tangi. Tundu ambalo halipo halivuji.

Namba mbili: madumu mapya ya lita 20

Kwa anayeishi ghorofani bila lifti, au aliyepanga chumba na sebule, haya yanapanda hadi namba moja kwa upande wa RO. Unabeba moja moja, yanaingia chini ya meza, na dumu moja likiingia uchafu mengine matano yako salama. Nina sita ya RO na sioni siku nitakayoyaacha.

Lakini yawe mapya kweli. Dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kula, hata lisuguliwe kwa majivu na maji moto, linabaki na utando. Ukimimina maji yake kwenye tangi utaona ngozi ya mafuta inatanda juu, na ngozi hiyo inazuia hewa kuingia. Kwa kukorogea chumvi dumu halifai: mdomo ni mwembamba, pampu haiingii, na kulitikisa kwa mikono kunaacha chumvi imeganda pembeni.

Namba tatu: simtanki ndogo, lita 250 hadi 500

Hili ni la mwenye nyumba yenye stoo au kibaraza chenye kivuli, au mwenye tangi la lita 500 na kuendelea. Ndani ni giza, ukijani hauoti, na matangi haya yametengenezwa kwa maji ya kunywa. Nampendekezea kwa RO. Kwa chumvi ni gumu kulisugua. Pima upana wa mlango wako kabla ya kulipa. Lita 500 za maji ni nusu tani, kwa hiyo liweke mahali ambapo litakaa moja kwa moja.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni watu kudhani kwamba simtanki la nyumba lililo juu ya mnara litasukuma maji kwenye mtambo wa RO. Maji yanapata presha ya bar moja kwa kila mita 10 za kimo. Mnara wa mita 3 unakupa bar 0.3, wakati membreni inataka karibu 4. Maji yatadondoka tone tone, mengi yataenda kwenye mpira wa taka, na TDS itakuwa juu. Nunua pampu ya kuongeza presha kwanza, tangi baadaye. Membreni ya galoni 75 ikipata presha nzuri inatoa kama lita 280 kwa siku, kwa hiyo funga boya la kukata maji chombo kikijaa, la sivyo utaamka sebule inaogelea.

Namba nne: chupa za dispensa za lita 18.9

Zinapitisha mwanga, shingo ni nyembamba na brashi haifiki kwenye mabega yake. Mbili tatu za akiba kabatini zinafaa. Usichanganye, hata hivyo, chupa na maji yaliyokuja nayo. Kampuni nyingi za maji ya kunywa hurudisha madini baada ya kuchuja ili maji yawe na ladha. Weka kipimo cha TDS, utaona mwenyewe kwamba hayasomi 0.

Namba tano: pipa la bluu la mtumba, lita 200

Plastiki yenyewe ni nzuri sana. Tatizo ni historia. Muuzaji atasema lilikuwa la juisi, na pengine ni kweli, lakini mapipa ya aina hiyo hiyo hubeba sabuni za viwandani na dawa za mashambani. Kama lebo ya kwanza bado imeshika na unaisoma kwa macho yako kwamba ni chakula, chukua. Kama imebanduliwa, achana nalo. Tangi la IBC la lita 1,000, lile la mraba lenye kizimba cha chuma nje, lina shida hiyo hiyo, na likijaa ni tani nzima. Hilo waachie wenye maduka ya samaki.

Pipa la chuma, ndoo ya bati na chochote chenye zinki sivipangi namba. Hata siku moja.

Kukoroga na kutunza

Maji yatangulie, chumvi ifuate, pampu ikiwa inazunguka. Ukimwaga maji juu ya chumvi, kalsiamu na kaboneti zinakutana zikiwa nyingi mno, zinashikana, na maji yanageuka meupe kama ya mchele. Hayo hayarudi. Kiasi ni gramu 35 hadi 40 kwa lita kutegemea chumvi, kisha pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia uchumvi, na usiamini jicho. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar huhitaji hita kwenye jaba. Nairobi na Arusha usiku wa Julai utaihitaji, ili maji yasiingie tangini yakiwa baridi.

RO yenye mfuniko inakaa wiki kadhaa bila shida. Maji ya chumvi yanategemea aina. Chumvi za kawaida za akwaria hukaa wiki mbili tatu zikifunikwa na pampu ikizunguka mara moja moja. Zile zenye alkalini ya juu, yaani kaboneti nyingi, kama Coral Pro ya Red Sea, zitumie mapema, maana zikikaa zinaanza kuacha unga mweupe ukutani, na unga huo ndio kalsiamu uliyoilipia.

Wa pwani huniuliza: bahari iko mlangoni, kwa nini nikoroge? Maji ya bahari safi ni mazuri kuliko chumvi yoyote ya ndoo. Ila yale ya ufukweni mjini yamebeba mito na mitaro yetu, na wakati wa masika uchumvi wake unashuka karibu na midomo ya mito. Ukiyataka, yachotwe na mwenye boti mbali na pwani, kiangazi, maji yakiwa yamejaa. Yaweke kwenye jaba gizani wiki mbili, vijidudu vyake vife na uchafu utuame, kisha chota ya juu, pima uchumvi, na zungusha pampu siku nzima kabla ya kuyatumia.

Andika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa jaba: CHUMVI au RO, tarehe, na uchumvi uliopima. Nyumbani kwangu maandishi hayo yameshamzuia dada wa kazi kufulia kwa jaba la RO. Unga mweupe ukijijenga ndani, mimina siki nyeupe yenye maji, zungusha pampu saa chache, mwaga, suuza mara mbili, ya pili iwe kwa RO, na uliache likauke kivulini kabla ya kulijaza tena.